Afya ya farasi: ununue nini kwanza, nini kisubiri

Mwenye farasi mpya akienda dukani hurudi na makopo: unga wa kuimarisha viungo vya miguu, mafuta ya kwato, vitamini za kung'arisha manyoya. Kipimajoto hana. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja: kinachokuonyesha hali ya mnyama kitangulie kile cha kumlisha au kumpaka. Farasi hawezi kutapika, na msokoto wa tumbo unaweza kumuua ndani ya saa chache. Ukiugundua mapema, daktari wa mifugo anapata nafasi ya kumwokoa.

1. Vipimo

Nunua kipimajoto cha dijitali, stetoskopu ya kawaida na utepe wa kupimia. Si lazima viwe vya bei kubwa. Kipimajoto kifunge uzi, na mwisho wa uzi uweke kibanio cha kubana manyoya ya mkia, maana hupimwa kwa njia ya haja kubwa na kinaweza kuvutwa ndani au kupotelea kwenye matandiko ya banda. Simama ubavuni, usisimame nyuma yake. Farasi aliyekomaa, mwenye afya na aliyetulia, huwa na joto la nyuzi 37.2 hadi 38.3, moyo hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, na hupumua mara 8 hadi 16.

Stetoskopu iweke nyuma ya kiwiko cha kushoto. Utasikia milio miwili, mmoja baada ya mwingine: hiyo ni pigo moja. Wengi huihesabu kama mapigo mawili, wakashtuka bure. Kisha isogeze kwenye tumbo, pande zote mbili. Tumbo lenye afya hunguruma. Likikaa kimya, kuna jambo. Farasi anayeparapara ardhi na kugeukia ubavu wake, huku moyo ukipita mapigo 60 naye amesimama tu, mwite daktari papo hapo. Pima pia siku za uzima na uandike matokeo mlangoni mwa banda, ili ujue kawaida ya farasi wako mwenyewe.

Utepe ni wa kukadiria uzito. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya viwiko, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Mzunguko wa 180 na urefu wa 160 unakupa kilo 436 hivi. Bila hesabu hiyo, dawa ya minyoo unaitoa kwa kubahatisha.

2. Chanjo na kipimo cha kinyesi

Chanjo ya pepopunda haina mjadala. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika zaidi na ugonjwa huo, na kijeraha cha msumari kinatosha. Chanjo nyingine daktari atakupangia kulingana na magonjwa ya eneo lako. Lipia pia kuhesabiwa mayai ya minyoo kwenye kinyesi kabla ya kununua dawa yenyewe. Dozi pungufu na dawa za mara kwa mara zisizohitajika ndizo zinazowapa minyoo usugu.

3. Kozi na vitabu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, maana jalada zuri halisemi lolote. Mimi hufungua kwanza sura ya minyoo. Kitabu kikikuambia umpe kila farasi dawa kila baada ya miezi miwili kwa kubadilisha aina, kirudishe rafuni: huo ni ushauri wa miaka ya 1960, uliolenga minyoo wakubwa wa damu, na leo shida kubwa ni wale wadogo waliokwisha kuzoea dawa. Kisha tazama kama kinafundisha kupapasa mbavu, shingo na shina la mkia ili kutoa alama ya unene, 1 hadi 9, kwa kipimo cha mtafiti Don Henneke cha mwaka 1983. Kwa anayependa kusoma mtandaoni, Chuo Kikuu cha Edinburgh kiliwahi kuweka kozi ya lishe ya farasi kwenye Coursera, tovuti ya masomo; itafute kama bado ipo, maana naipendekeza kwa moyo wote.

4. Sanduku la huduma ya kwanza

Maji ya chumvi ya kuoshea vidonda, shashi, pamba nene, bendeji, mkasi butu, glovu, tochi. Pamba usiisahau: bendeji ikikazwa mguuni bila pamba chini yake huumiza kano. Dawa ya macho iliyobaki tangu ugonjwa uliopita itupe, kwa sababu yenye steroidi (kemikali ya kutuliza uvimbe) ikiingia kwenye jicho lenye kidonda inaweza kulipofusha. Dawa za maumivu kama fenilbutazoni ziwe kwa maelekezo ya daktari tu. Ukizitoa kabla hajafika, zinamfichia dalili.

5. Virutubisho

Jiwe la chumvi, ndiyo. Mengine yasubiri hadi uhakikishe anapata nyasi za kutosha, angalau asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku zikipimwa kavu. Na usichanganye makopo mawili bila kusoma lebo: madini ya seleniamu yakijirudia katika yote mawili yanaweza kuwa sumu, na nywele za mkia na kwato ndizo huonyesha kwanza.