Mtoto amekwama hewani, pesa imekwama kwa kadi

Niseme mapema bado niko na hasira, kwa hivyo anayetaka riviu ya upole atafute ingine. Likizo ya juzi tulitoa watoto matembezi, asubuhi Nairobi National Park na gari yetu, mchana kwa park moja ya michezo ya watoto hapa Nairobi ambayo sitaitaja maana sitaki kesi.

Asubuhi sina neno. Tulipita pale pembe za ndovu zilichomewa, Rais Moi mwaka wa 1989 alichoma tani 12, Uhuru naye 2016 akachoma tani 105, na majivu bado yamerundikana hapo. Kijana wangu akauliza sasa ndovu wenyewe wako wapi, nikamwambia hii park haina ndovu, pembe zililetwa tu kuchomwa. Alinyamaza huyo, na si mtoto wa kunyamaza. Hata treni ya SGR kupita juu kwa zile nguzo twiga wakila zao chini ilikuwa sinema ya bure.

Sasa huko kwa michezo. Hawashiki keshi, unatuma M-Pesa wanakujazia kadi, kila mchezo inakatwa. Sawa. Binti yangu akapanda lile gurudumu kubwa na binamu yake, wakafika juu kabisa, stima ikapotea. Stima kupotea Nairobi si habari, lakini jenereta iko wapi jameni? Kijana wa mashine amekaa kwa kiti ya plastiki anaskroli simu, namuuliza watoto watashuka aje, ananijibu hata macho hainui, "Mathe tulia, hiyo ni kawaida." Kawaida ya nani? Mtoto analia huko juu namsikia, kile chuma cha kuwazuia wasianguke nimeona kimefungwa na waya, halafu nitulie!

Jenereta ikakuja kuwaka wakati imetaka, mtoto akashuka anatetemeka. Nikaenda kaunta nirudishiwe pesa, dada wa hapo ananiambia, "Madam, pesa ikishaingia kwa kadi haitoki, mfumo haukubali." Na ile raundi ya kulilia hewani imehesabiwa. Huo ni mfumo gani unajua kukata tu? Naomba meneja, ati ameenda lanchi. Saa kumi jioni!

Nilikuwa nataka kuwapa nyota tatu, maana haki iko haki, vyoo ni visafi, na yule dada wa magari ya kugongana aliwaongezea watoto dakika bila kuombwa. Lakini nikikumbuka ile "mathe tulia" nashuka mbili, hapana, moja, na hiyo moja ni ya dada wa magari.

Ukienda jaza kadi kidogo kidogo. Mimi yangu bado iko na salio na haka kasichana kananiuliza tunarudi lini, ati kanataka tena kile kiti cha juu. Pengine turudi tumalize hiyo pesa, lakini kwa hilo gurudumu hapandi mtu wangu.