Mashine ya kufyekea majani imegoma: itengenezwe au inunuliwe nyingine?

Tabora mvua zinaanza Novemba, na Januari ikifika majani ya uani yameshafika magotini. Ndipo mashine iliyolala stoo tangu Mei inatolewa, inavutwa kamba mpaka bega linauma, na haiwaki. Jirani anasema kanunue nyingine, za Kichina siku hizi zimejaa. Fundi pikipiki anasema, "Ilete bosi, hiyo kabureta tu." Wote wawili wanaweza kuwa wamepatia. Kinachoamua ni kitu ambacho wengi hawakitazami kabla ya kutoa hela, nacho ni hali ya pistoni.

Vingine karibu vyote kwenye mashine hii vinafunguliwa kwa spana na kubadilishwa kwa bei ndogo: kabureta, koili, starta, klachi, gia ya mbele, mipira ya petroli. Pistoni na silinda zikiisha, hesabu inabadilika kabisa. Kwa hiyo anza hapo, kisha ndiyo uje kwenye mpangilio wangu wa njia sita, kuanzia ya kujaribu kwanza mpaka ya mwisho. Nimeupanga kwa mtu mwenye kiwanja cha kawaida cha Ipuli au Cheyo, hapa Tabora mjini. Mwenye tenda ya kufyeka viwanja vya shule ana hesabu zake, nami nitamgusia njiani.

Kutazama pistoni

Injini ikiwa baridi na swichi imezimwa, vuta kamba ya starta polepole. Mkono unatakiwa kukutana na ugumu, ulegee, ukutane na ugumu tena. Kamba ikija laini mwanzo mpaka mwisho kama ndoo inayoshuka kisimani, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) imekufa au plagi imelegea, basi kaza plagi kwanza urudie. Kama gereji ina kipimo cha kompresheni, chini ya 90 psi ni dalili mbaya.

Halafu fungua bomba la moshi. Mara nyingi linashikwa na boti mbili tu. Ukilitoa utaona tundu kwenye silinda. Vuta kamba taratibu mpaka pistoni ipite hapo, umulike kwa tochi ya simu. Ubavu wa pistoni nzima unang'aa, labda na vijistari hafifu. Ubavu uliokwaruzwa wima, mistari mizito ambayo kucha inakwama, ringi zimebanwa ndani ya mfereji wake: hiyo injini imenoki au iko njiani kunoki.

Ukiwa umeshafungua bomba, litazame na lenyewe. Mengi yana wavu mdogo wa kuzuia cheche, nao huziba kwa masizi. Mashine inawaka vizuri, ukikanyaga mafuta inakosa nguvu, mwenye nayo anahukumu injini. Brashi ya waya inamaliza kesi hiyo, na mashine kadhaa zimeuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa ajili ya wavu huo.

Nafasi ya kwanza: service ya petroli na hewa

Kama pistoni ni nzima, usinunue chochote kabla ya hili. Petroli iliyokaa tankini miezi inapoteza sehemu yake nyepesi na kuacha utomvu unaoziba vitundu vya kabureta. Mashine iliyokuwa nzima Mei na kugoma Novemba haina ugonjwa mwingine, mara nyingi ni huo.

Mwaga petroli yote ya zamani. Toa plagi, isafishe au weka mpya, mwanya wake uwe milimita 0.6 hadi 0.7. Vuta kichujio kilicho ndani ya tanki na ukague mipira ya petroli. Ikikunjwa ikatoa nyufa, badilisha. Sponji ya chujio la hewa ioshwe kwa maji ya sabuni na ikauke kabisa. Sisi tunaofyeka juu ya udongo wa mchanga tulifanye hili mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu vumbi likipita hapo linakwenda kusaga pistoni ileile tuliyoitazama.

Ndani ya kabureta kuna dayaframu, kigozi chembamba kinachovuta petroli kutoka tankini. Kikiwa kizima kinanyumbuka kimya ukikibonyeza kwa kidole. Kilichochoka kimekauka na kinalia kaka-kaka. Kigozi hicho kikichoka, mashine inawaka, inanguruma kidogo, ukiongeza mafuta inazima.

Angalizo moja kwa fundi pikipiki. Bodaboda nyingi za siku hizi ni injini za stroki nne, hazilainishwi na petroli. Hii ya stroki mbili inakunywa oili yake ndani ya petroli, na kabureta ikiwekwa petroli chache ili "ichangamke", oili nayo inapungua, joto linapanda, pistoni inakwaruzika. Kama kabureta yako ina skrubu za L na H, zile za kurekebisha petroli, mwambie ahesabu mizunguko kabla ya kuzigusa. Akianza kuzichezea kwa kusikiliza mlio tu, mwondoe mkono.

Ya pili: kubadili kifaa kizima

Kabureta ikishindikana kusafishika, nunua nzima. Kwa mashine za Kichina bei yake haifiki robo ya mashine mpya, na kuifunga ni kazi ya muda mfupi. Hivyo hivyo kwa starta iliyokatika springi na koili isiyotoa moto. Injini ikiunguruma lakini kichwa cha uzi hakizunguki, usiguse injini: tatizo ni klachi, shafti ya ndani au gia ya mbele. Gia hiyo inataka grisi, na wengi hawajawahi kuitia tangu wanunue.

Kabla hujaenda dukani fahamu ukubwa wa injini yako. Familia kubwa ya mashine za Kichina ni mbili: ya cc 43, yenye pistoni ya kipenyo cha milimita 40, na ya cc 52, yenye milimita 44. Dukani spea zake hutajwa kwa namba 40-5 na 44-5. Stika ya nje isikudanganye, wapo wanaobandika namba kubwa kuliko injini iliyomo. Beba kifaa kibovu mkononi. Ukiagiza Kariakoo, piga picha kifaa kikiwa pembeni ya rula, maana kurudisha spea isiyoingia kutoka Tabora au Kigoma ni nauli juu ya nauli.

Ya tatu: mpya ya Kichina

Hii ndiyo chaguo langu pistoni ikiwa imekufa na kazi yako ni uani, bustani na kamkanda ka kuzuia moto kuzunguka nyumba wakati wa kiangazi. Chukua cc 43. Ya 52 ni nzito na inakunywa zaidi. Faida yake inaonekana ukifunga kisu cha chuma kwenye vichaka, si kwa uzi wa nailoni kwenye majani ya uani.

Ubora unapishana hata ndani ya duka moja. Shika mpini utikise, shafti isichezecheze. Zungusha kichwa kwa mkono, kizunguke bila kukwaruza. Dai iwashwe mbele yako na upewe risiti ya EFD, kisha umuulize muuzaji swali hili: kabureta na starta yake unayo hapa? Akisema ataagiza, nenda duka la pili. Mashine ya bei poa yenye spea mtaani inaishi kuliko ya bei ya kati ambayo spea zake hakuna anayezijua.

Oili ndiyo itakayoamua umri wake. Soma kitabu chake: nyingi za Kichina zinataka 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oili ya 2T (ya injini za stroki mbili) kwa lita moja ya petroli. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa ndiko kunakoua pistoni. Bomba la sindano la mililita 20 linapatikana duka la dawa kwa pesa kidogo. Mara mbili, lita moja, umemaliza. Oili ya injini ya pikipiki haifai hapa hata kama ni ya gharama.

Ya nne: ya kazi nzito

Mwenye tenda, hii kwako inapanda mpaka ya kwanza. Stihl FS 250, yenye cc 40.2, ni mfano wa mashine iliyojengwa kufanya kazi kutwa. Bei yake ni mara kadhaa ya Kichina, ila hizi ndizo mashine ambazo hata baada ya miaka zinastahili kutengenezwa. Hakikisha tu unanunua kwa wakala, kwa sababu nakala zenye rangi ileile ya machungwa na nyeupe zipo.

Ukichoka na kuchanganya oili, kuna za stroki nne. Injini ya Honda GX35 ina cc 35.8, inakunywa petroli tupu, na oili yake ya mililita 100 hivi inakaa sehemu yake. Mlio wake ni mpole, jirani aliyelala mchana atakushukuru. Lakini oili hiyo lazima ikaguliwe kila siku ya kazi, na ukimkabidhi kijana asiyejua, ataiwasha kavu.

Ya tano: kubadili silinda na pistoni

Naiweka chini kwa makusudi. Seti ya silinda na pistoni ya Kichina inapatikana, na fundi atakushawishi kuwa injini itakuwa mpya. Haitakuwa. Beringi za krenki ni zilezile zilizopita kwenye joto lililoua pistoni, na sili zikivuja hewa, pistoni mpya itafuata ya zamani. Ukijumlisha seti, gasketi na ufundi, umeshafika karibu na nusu ya bei ya mashine mpya, bila warantii. Kwa Stihl halali inaweza kulipa, mradi sababu ya kwanza ya kufa ijulikane.

Na kama kiwanja chako ni futi chache tu mbele ya nyumba, hakuna sababu ya kumiliki mashine. Mlipe kijana mwenye fyekeo, au mwenye mashine yake anayepita mtaani.

Ya mwisho: mtumba

Mashine iliyotumika ya mtu usiyemjua ni bahati nasibu, kwa sababu pistoni haionekani na rangi inapakika. Ukilazimika, mwambie akufungulie bomba la moshi uchungulie; akikataa, aga. Akikubali na ubavu uko safi, iwashe ikiwa baridi kabisa, ifyeke kwa dakika kumi za mafuta ya kutosha, uizime, na uvute kamba hapo hapo ingali moto. Zilizochoka kompresheni huwaka vizuri asubuhi, zikishapata joto zinagoma. Ikigoma mbele yako, usikubali "subiri kidogo ipoe".