Kifusi cheupe cha njia za konde: nyota moja, au labda mbili

"Kwani mchicha wako unatembea peku, shangazi?"

Hilo ndilo jibu nililopewa. Si "samahani", si "tutarekebisha". Nimeshika kitako cha chupa ya soda, kile cha kijani, nimekichomoa katikati ya mzigo wa kifusi niliolipia pesa zangu, na kijana aliyeuleta yuko juu ya pikapu, shavu limejaa muguka, ananicheka.

Nina konde dogo upande wa Sabaki, hapa Malindi. Tulikodi shamba akina mama kadhaa tukagawana vipande. Matuta yangu yana upana wa futi nne, na kati yake nimeacha vijia vya futi mbili ili wilbaro ipite. Udongo wa kule asiyeulima hawezi kuujua. Kiangazi unapasuka nyufa, mkono unaingia. Masika yakishuka unakuwa ugali. Tope lile lile linalogeuza bahari yetu rangi ya chai ya maziwa mto ukijaa, ndilo linalotukamata miguu. Unapiga hatua, champali inabaki nyuma.

Kwa hivyo lazima njia ziwekwe kitu, na mimi nimeweka karibu kila kitu. Vumbi la mbao nililijaribu kwanza. Wafugaji wa kuku wanaligombania, ukilipata wajiona umeokota dhahabu. Upepo wa kusi ukavuma, nusu ikaishia kwenye bamia za jirani, nusu iliyobaki mchwa wakaifanyia karamu. Nikaja kwenye magunia ya nailoni, yale ya mchele. Ndago hazijali gunia. Ncha yake inatoboa kama shazia, na jua likishalichoma gunia linakuwa nyuzi tupu, kila ukiinua jembe limeota ndevu. Mchanga wa ufuoni usinitajie, una chumvi.

Ndipo nikashauriwa kifusi cheupe, yale mabaki ya machimboni wanapokata mawe ya matumbawe ya kujengea. Nikapewa namba. Kwenye simu sauti ilikuwa asali: kifusi safi, chatoka machimboni moja kwa moja, hakina hata jani. Nikatuma pesa kabla sijauona mzigo, ujinga wangu mwenyewe. Ilikuwa mwaka juzi, au ule wa nyuma yake, mvua bado hazijaanza.

Pikapu ikaja jioni, jua linatua, na sasa nafahamu kwa nini ilikuja saa hizo. Juu kweli kilikuwa cheupe, unatamani kukilalia. Walipomwaga, chini kikatoka kifusi cha nyumba ya mtu iliyobomolewa. Plasta. Kigae cha bafu chenye ua la buluu, nusu yake. Misumari iliyopinda, imeshika kutu. Na hiyo chupa. Nikamwambia kijana apakie arudi nayo. Akasema mzigo ukishashuka haupandi tena. Nikamuuliza vioo hivi nivifanye nini kwenye konde la mboga. Ndipo akanijibu hilo la mchicha na peku, na mwenzake akacheka hadi akashika mlango wa gari.

Nilichambua siku tatu. Siku tatu nimechutama kama mchagua mchele, na bado sikumaliza. Wiki moja baadaye, au mbili, msumari ukapita kwenye champali ukaingia kisigino. Nikaenda kudungwa sindano ya pepopunda nachechemea, na njia nzima sauti ya yule kijana iko sikioni. Sawa, mchicha hautembei peku. Anayetembea ni mimi!

Halafu sukuma wiki za ukingoni zikaanza kugeuka manjano, jani limepauka na mishipa yake imebaki kijani. Matumbawe ndiyo yale yanayochomwa tanurini ikapatikana chokaa. Mvua ikiyapiga, unga wake unaingia tutani, na mmea unashindwa kuvuta madini ya chuma hata kama yamo udongoni. Hili, nikisema haki, si kosa la muuzaji. Ni mimi niliyemwaga hadi kwenye mdomo wa tuta badala ya kuacha hata shubiri moja. Lakini nilikuwa na hasira, nikamhesabia na hilo.

Mzee mmoja Mgiriama anayelima ng'ambo ya ua alikuja kutazama, akatikisa kichwa. "Mwanangu, makumbi yote haya ya nazi yatupwa, nawe wanunua mawe?" Akanionyesha namna ya kuyapanga: unayasukumia yakabane, mgongo juu. Ukiyalaza tumbo juu yanakinga maji, unafuga mbu. Nikafunika vijia viwili kwa makumbi, gharama ikawa ni ya mkokoteni tu. Ni mazuri kwa kweli. Yanashika unyevu, magugu hayaoni jua, na yakioza ni mbolea. Ila wilbaro juu ya makumbi inaruka kama ngalawa iliyoshikwa na mawimbi, nyanya zinafika mwisho wa njia zimeshakuwa mchuzi. Na asubuhi moja niligeuza kumbi nikamkuta tandu mwekundu, urefu wa kalamu, ananitazama kama mimi ndiye mgeni. Tangu siku hiyo sigeuzi kitu kwa mkono.

Sasa hapa ndipo ninapopata tabu kuandika. Masika yalipokuja, yale mazito, konde zima likawa ugali isipokuwa kijia kimoja. Kile cheupe. Maji yalizama chini yakapotea, wilbaro ikapita imejaa, haikuzama gurudumu. Akina mama wote wakahamia kwangu, na mafungu yao ya mchicha kichwani, wanakatiza kama barabara ya serikali. Hata yule aliyesema nimenunua takataka kwa pesa alipita, tena mara mbili kwa siku. Kifusi nimekivuta nyuma shubiri nzima kwa reki, ukingoni nikatia samadi, na majani mapya ya sukuma yanatoka kijani. Kijani cha kiasi, lakini kijani.

Kwa hivyo kifusi chenyewe, kikiwa cha machimboni kweli, nakipa nyota nne. Labda tatu, maana saa saba mchana kinang'aa hadi macho yanauma. Kiwekwe njia kuu ya wilbaro, vijia vya kuchumia viachiwe makumbi. Na usitume pesa kwa sauti ya simu. Mwambie apande mtu kwenye pikapu na jembe, achimbe hadi aguse bati, ndipo mzungumze bei.

Huduma ni nyota moja. Nilikuwa nimeshapandisha ikawa mbili, kwa ajili ya zile siku za masika, moyo ulikuwa umelainika. Juzi nikampita kijana pale stendi ya tuktuk. Akapaza sauti mbele za watu: "Shangazi! Mchicha umepata viatu?" Stendi nzima ikageuka. Nimeirudisha moja.

Njia ya kwenda kisimani bado haina kitu, na vuli haziko mbali. Nimeulizia kwengine, wanataka karibu mara mbili ya bei yake. Namba yake bado ninayo kwenye simu. Nimeihifadhi kwa jina ambalo siwezi kuliandika hapa.