Uzoefu wangu na BaseX: miezi miwili ya kulaumu mashine bure

Nina rekodi za vitabu, gigabaiti arobaini na ushei, zote XML (data iliyoandikwa kwa lebo). Kuzipakia kwenye BaseX, programu ya hifadhidata ya XML, kulichukua muda, hilo nililitarajia. Kilichonichosha ni ulizo (ombi la kutafuta data) dogo kabisa: nitafutie rekodi moja kwa namba yake. Dakika nne! Unabonyeza, unaenda kunawa uso, unarudi, bado inazunguka. Nikaongeza RAM. Wapi.

Kilichoniokoa ni kidirisha cha taarifa, ambacho nilikuwa nimekifunga kwa sababu kinakula nafasi. Humo BaseX inakuonyesha jinsi ilivyoliandika upya ulizo lako kabla ya kuliendesha. Langu halikutaja faharasa (orodha ya kutafutia haraka) popote, yaani lilikuwa linapekua rekodi moja moja. Nilikuwa nimeandika [namba = 4521]. Sasa, faharasa ya maandishi inahifadhi maandishi. Ukilinganisha na tarakimu tupu, kila thamani inabidi igeuzwe kuwa hesabu kwanza, kwa kuwa hata "04521" ni 4521 ileile. Nikaweka nukuu: [namba = '4521']. Jibu likaja kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Nukuu mbili tu, jamani.

Siku chache baadaye uzito ukarudi. Usiku wake nilikuwa nimeingiza rekodi mpya, na kumbe kwa mpangilio wa kawaida faharasa haijisasishi baada ya mabadiliko mpaka uendeshe OPTIMIZE, amri ya kuijenga upya. Lipo chaguo la UPDINDEX linaloisasisha papo hapo, ila kuandika kunakuwa kuzito zaidi. Mimi naingiza data kwa mkupuo mmoja kila usiku, kwa hiyo OPTIMIZE nimeiweka mwishoni mwa skripti na maisha yanaendelea.

Kutafuta neno ndani ya muhtasari ni habari nyingine. contains(), amri ya kuangalia kama maandishi yana neno fulani, haigusi faharasa hata ufanyeje. Tengeneza faharasa ya matini kamili (ya kila neno lililomo), ambayo haiji yenyewe, kisha utumie "contains text".

Nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu hifadhidata moja haibebi zaidi ya nodi (vipande vya XML, kama lebo na maandishi yake) bilioni 2.1 hivi, na XML inazila nodi kuliko unavyodhani. Nimezigawa rekodi zangu kwa miaka, hifadhidata kumi na moja, na ulizo la miaka yote sasa lazima lizunguke kote.