Walitoboa Kayaki Yangu na Kuniacha Niende Nayo Baharini: Uzoefu Wangu

“Umewahi kupanda chombo cha majini kabla ya hiki?” Hilo ndilo swali nililoulizwa na kijana wa kaunta katika duka moja la kayaki, ile mitumbwi midogo ya plastiki, kusini mwa Seattle, Marekani, bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu yake, siku ileile ambayo kayaki waliyoifunga wao vifaa vya uvuvi ilijaa maji tumboni nikiwa mbali na ufuo. Nimezaliwa na kukulia Shimoni, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, katika nyumba ambayo riziki yake yote ilitoka baharini. Nimejaribu kulisahau swali hilo na nimeshindwa. Kwa hiyo nayaandika haya kwa ajili ya yeyote anayefikiria kupeleka kayaki yake dukani ifungwe vifaa vya kuvulia samoni, na hasa kwa Waswahili wenzangu wa Kent, Tukwila na Tacoma ambao najua wameanza kuupenda uvuvi huu.

Kayaki yenyewe sikuinunua kwao na sina lawama nayo. Kazi niliyowapa ilikuwa kufunga vishikio viwili vya fimbo za kuvulia mbele ya kiti, mahali ambapo mkono unafika bila mwili kujipinda, pamoja na kipima kina kinachoonyesha samaki. Nilimweleza mpokeaji sababu yake kwa utulivu. Samoni wa huku huvuliwa kwa kukokota: unapiga kafi polepole, kama kilomita tatu au nne kwa saa, huku mshipi ukivuta chubwi la risasi, nyuma ya chubwi bati linalozunguka na kumetameta, na nyuma ya bati pweza mdogo wa plastiki anayeficha ndoana. Bati likizunguka vizuri, ncha ya fimbo hutikisika kwa mapigo yaliyo sawa, na mvuvi kazi yake kubwa ni kuitazama ncha hiyo. Mapigo yakisita, ama ndoana imenasa mwani ama samaki amegusa. Fimbo ikiwa nyuma ya mgongo wako, huoni chochote. Aliyaandika yote hayo kwenye karatasi, nami nikaisoma karatasi kabla ya kuondoka.

Nilipokwenda kuichukua nilikuta vishikio vimewekwa nyuma ya kiti, tena si vile vinavyofungwa juu juu, ni vile vinavyozamishwa ndani ya bodi, ambavyo ili viingie ni lazima kukatwa tundu ambalo mtoto anaweza kupitisha ngumi. Niliambiwa kwamba wateja wengi hupenda hivyo. Tundu likishakatwa halirudi. Nikalipa, nikaifunga kayaki juu ya gari, nikanyamaza, na kunyamaza huko kunaniuma hadi leo.

Safari ya samoni haianzii ufukweni. Kwa muda wa wiki nzima mimi na jirani yangu, mwenyeji wa Kalemie, Kongo, aliyevua Ziwa Tanganyika tangu utotoni, tulikaa mezani kila jioni tukipanga. Tulichagua Point Defiance, Tacoma, kwa sababu mtu anaweza kuteremsha kayaki Owen Beach na kuyafikia maji ya samaki kabla hajachoka. Lakini mahali hapo panataka hesabu. Magharibi mwa rasi kuna mlango mwembamba wa bahari, Tacoma Narrows. Maji yanapojaa huvutwa kuingia humo, na siku za bamvua kasi yake hupita kilomita 7 kwa saa, ilhali mtu mwenye kafi akijitahidi huenda tano. Upande wa pili, kwenye mlango wa Colvos nyuma ya kisiwa cha Vashon, mkondo huelekea kaskazini karibu wakati wote, maji yawe yanajaa au yanakupwa. Jirani yangu, ambaye ziwa lake halina kupwa wala kujaa, aliniuliza mara mbili kama ninayosema ni ya kweli. Tukakubaliana tuingie mwishoni mwa maji kupwa, tuvue wakati maji yamesimama, na tuwe tumerudi nchi kavu kabla mkondo wa kujaa haujapata nguvu.

Kanuni za Idara ya Samaki na Wanyamapori ya jimbo la Washington tulizisoma, na tukazisoma tena usiku wa kuamkia safari, kwa kuwa eneo linaweza kufungwa kwa tangazo la ghafla. Miiba ya ndoana tuliibana kwa koleo, kwa maana ndoana yenye mwiba hairuhusiwi kwa samoni wa Puget Sound, mkono huu wa bahari tunaovua. Tulikumbushana kutazama lile pezi dogo la mgongoni lililo karibu na mkia: samaki aliyezalishwa kwenye vituo vya kuzalishia samaki hukatwa pezi hilo akiwa mchanga, na samoni wa asili anayepaswa kuachiliwa haruhusiwi hata kupandishwa chomboni, anafunguliwa ndoana akiwa majini. Tulivaa suti zisizopitisha maji, kwa sababu maji ya huku hata katikati ya kiangazi ni ya baridi kali, na anayeanguka bila kujikinga vidole vyake hufa ganzi kabla hajaweza kujisaidia. Kila kitu, kuanzia kafi hadi koleo, tulikifunga kwa kamba. Nayasema haya ili ieleweke kwamba yaliyokuwa juu yetu tuliyatimiza yote, na kilichotuangusha ni kile kimoja tulichomlipa mtu mwingine akifanye.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, na haukuwa mwaka wa samoni wa pinki, ambao huingia Puget Sound kwa wingi katika miaka ya witiri. Tulikuwa tukimtafuta koho, samoni wa aina nyingine. Tuliingia majini kungali na kiza. Saa ya kwanza ilikuwa njema, isipokuwa nililazimika kugeuza shingo kila baada ya mapigo machache ili kuitazama fimbo iliyokuwa nyuma yangu. Kisha nikahisi uzito. Anayeijua bahari ataelewa ninachosema: chombo hakikuwa kikikataa kwenda, bali kilikuwa kinachelewa kuitika. Nikipiga kafi kulia, pua inageuka baada ya muda ambao haukuwepo mwanzoni. Feri ya Vashon ikapita kwa mbali, mawimbi yake yakatufikia, na wimbi la pili halikupita chini ya shetri, yaani nyuma ya chombo, kama inavyopasa. Lilipanda juu na kutuama pale pale kwenye ukingo wa kishikio cha kushoto. Nikasikia sauti ndogo ya maji yanayonyonywa. Wakati huohuo jirani yangu akaniita kutoka kwenye kayaki yake: “Yaya, bwato yako inakunywa mayi!”

Kwenye dau, ukiona maji unachukua kata unafua, na mwenzako anashika usukani. Kayaki ya namna hii imefungwa pande zote. Maji yakiingia yamo tumboni, na mkono haufiki. Mfuniko wa mbele upo, lakini kuufungua katikati ya mawimbi ni kuyakaribisha mengine. Baya zaidi ni kwamba maji yaliyo ndani hayatulii: ukiinama kidogo kushoto yanakimbilia kushoto, na yanakusaidia kupinduka. Na kadiri shetri ilivyozama, ndivyo tundu lile lilivyozidi kukaribia uso wa bahari, ndivyo yalivyoingia kwa kasi zaidi. Nilikusanya mshipi, nikakaa wima kama mtu aliyebeba mtungi kichwani, nikaanza kurudi. Jirani yangu akakaa ubavuni mwangu njia nzima, kwa upande wa kushoto, bila kusema neno. Na maji ya kujaa yalikuwa yameshaanza kuvuta.

Tulipofika ufukweni nikafungua kizibo cha nyuma. Maji yalitoka kwa muda uliomtosha jirani yangu kwenda hadi garini, kubadili nguo na kurudi, na yalikuwa yangali yakitiririka juu ya changarawe. Nikaingiza ukucha chini ya ukingo wa kishikio. Silikoni waliyoipaka ilibanduka yote kwa mpigo mmoja, kipande kizima, safi kama ganda la kitunguu. Chini yake hapakuwa na mpira wa kuzuia maji. Kilichokuwepo ni ribiti nne fupi, mbili kati yake zikicheza kwa kidole.

Fundi wa kayaki anayestahili kuitwa fundi anajua kwamba plastiki hii, polithini, haishikani na gundi karibu yoyote. Kinachozuia maji ni mpira uliobanwa sawasawa na bolti zenye washa pana na nati upande wa ndani. Silikoni peke yake ni pambo. Marehemu ami yangu alikuwa akikalafati madau pale Shimoni. Alikuwa akiingiza pamba kwenye kila ufa kwa patasi na nyundo, akapaka deheni chini, kisha chombo kikateremshwa maji yanapojaa na yeye mwenyewe akakaa ndani yake na taa ya chemli, peke yake, akipapasa mbao kwa kiganja. Hakuchukua ujira wake kabla ya hapo. Hawa wenye mashine za umeme, mwanga wa kutosha na maji ya bomba nje ya mlango hawakuona haja ya kumimina hata ndoo moja.

Ndipo nikaenda dukani, na ndipo nikaulizwa lile swali. Sikuwa nimepaza sauti. Nilikuwa nimeweka kile kipande cha silikoni juu ya kaunta na kueleza kilichotokea, nikitumia Kiingereza ambacho nimekitumia kazini kwa miaka mingi. Kijana akasema kwamba kayaki zote huingiza maji kidogo. Nikamwambia haikuwa kidogo. Akauliza kama nimewahi kupanda chombo. Nikabaki kimya, kwa sababu kila jibu lililonijia mdomoni lilikuwa na mama yangu, ami yangu na kijiji changu kizima ndani yake, na sikutaka kuwaleta watu hao mbele ya mtu aliyekuwa akitazama simu.

Ningeishia hapo, hukumu ingekuwa rahisi: msiende. Lakini haki lazima isemwe. Mama mmoja wa makamo, fundi wa karakana ya nyuma, alikuwa amesikia. Akatoka akiifuta mikono, akakichukua kipande kile cha silikoni, akakigeuza kwenye mwanga, akasema: “Hii si kazi, bwana. Niletee chombo.” Akaiweka kayaki juu ya vigogo, akaingiza mpira wa kipulizo cha hewa kwenye tundu la kizibo, akapaka maji ya sabuni kwa brashi kuzunguka vishikio. Povu likachemka upande wa kushoto, na upande wa kulia pia, ambao mimi nilikuwa nauona mzima. Akang'oa ribiti zote, akakata mpira mpya, akafunga bolti za chuma kisichoshika kutu, akazikaza kidogo kidogo kwa msalaba ili mpira usijikunje, kisha akarudia sabuni. Hapakuwa na hata kiputo kimoja. Baada ya hapo, bila kuombwa, akanifungia reli fupi mbele ya kiti na kishikio juu yake, pale nilipopataka tangu mwanzo, akaniketisha ndani ya kayaki hapo hapo karakanani na kuniambia ninyooshe mkono. Mkono ukafika. Nilipouliza gharama akatikisa kichwa.

Wiki chache baadaye tulirudi Point Defiance, maji mafu, bahari imelala. Niliitazama ncha ya fimbo ikitikisika mbele ya macho yangu hadi ilipoacha kutikisika na kuinama moja kwa moja hadi majini. Koho huyo aliruka mara tatu. Nilimtazama pezi kabla ya kumwingiza kwenye wavu wa mpira: limekatwa. Nilimwandika kwenye kadi ya kumbukumbu ya samaki waliovuliwa hapo hapo, kwa kalamu ya wino, vidole vikitetemeka. Nyumbani mke wangu alimpika wa kupaka kwa tui zito, na jirani yangu alikula huku akisisitiza kwamba angemkausha kwa moshi. Tulipofungua kizibo siku hiyo hakikutoka hata kijiko cha maji. Usiku huo nilikaa kuandika maoni ya sifa. Nilikuwa nimeshaandika kwamba duka lina kasoro lakini lina moyo, na kwamba anayekwenda amuulizie yule mama wa nyuma, na wala asizungumze na wa mbele.

Sehemu ya mama yule naiacha ilivyo. Sehemu ya duka naifuta, kwa sababu kabla sijaituma nilifungua taarifa ya benki nikakuta wamekata dola 60 kwenye kadi yangu, na maelezo yake yakisema “ukaguzi wa uvujaji”. Yaani wameitoboa wao, ikavuja kwa mkono wao, ikakaguliwa na fundi aliyekataa malipo, na bado nikatozwa kwa kuambiwa kwamba ilikuwa inavuja. Nimepiga simu mara tatu. Kila mara naambiwa meneja atanipigia.

Kwa hiyo msiende. Au kama hamna budi kwenda, msiache kadi yenu, na msiondoke kabla hamjaona sabuni ikipakwa kwa macho yenu. Mimi nataka dola zangu zirudi, na nataka swali lile liombewe radhi kwenye kaunta ileile. Nambari yangu ya simu wanayo; imeandikwa kwenye karatasi ileile inayosema kwamba vishikio viwekwe mbele ya kiti.