Utepe wa magnesiamu wa maabara: bidhaa nzuri, kibandiko kina upungufu

Utepe huu wa metali ya magnesiamu nilioununua kwa ajili ya maabara ya shule yetu ni safi kwelikweli: nilipousugua kwa msasa, utando wa kijivu ulitoka mara moja, na kipande cha sentimita 3 nilichokishika kwa koleo kiliwaka kwa mwanga mweupe mkali, usiofaa kabisa kutazamwa kwa macho matupu, kikaacha majivu meupe. Kinachonisikitisha ni kibandiko, kwani kinasema tu “weka mbali na moto”, bila kueleza kwamba maji huuchochea moto wa magnesiamu kwa kutoa haidrojeni, gesi inayowaka, wala kwamba magnesiamu huendelea kuungua hata ndani ya kabonidioksaidi, gesi inayotumika kuzimia moto. Nitaununua tena, lakini ndoo ya mchanga mkavu wa kuzimia moto naiweka mezani kabla kiberiti hakijawashwa.