Dawa ya moto ni moto? Uzoefu wangu wa miezi mitano na vidonge vya homeopathia

Nilichonunua ni vitu viwili, na nitavipima kimoja kimoja kwa sababu havistahili alama sawa. Cha kwanza ni miadi mitatu na mtabibu wa homeopathia. Cha pili ni kichupa cha vidonge vyeupe, vidogo kama punje za mtama, kilichobandikwa karatasi yenye maneno Allium cepa 30C. Jina hilo la Kilatini lisikutishe, kwani maana yake ni kitunguu, kilekile kinachotutoa machozi tukikikata jikoni.

Ninaugua mafua ya mzio tangu ujana wangu. Vumbi na chavua vikizidi hewani, napiga chafya mfululizo asubuhi, macho yananiwasha hadi yanavimba, na kamasi nyepesi hazikatiki. Mafua hayo yanaandamana na pumu, si kali, lakini ni pumu inayonilazimu kutumia dawa ya kuvuta kila siku. Vidonge vya kawaida vya mzio nilivyokuwa nikimeza vilinitia usingizi kazini, na hiyo ndiyo sababu hasa iliyonisukuma kutafuta njia nyingine.

Miadi ya kwanza ilichukua dakika tisini. Mtabibu aliniuliza nalala ubavu upi, jasho linanitoka wapi kwanza, chafya zinazidi chumbani au nje, naota nini, na kama nikiwa na huzuni napenda kukaa na watu au kujitenga. Aliandika kila nilichosema kwa mkono, bila kutazama saa wala simu. Katika miaka yote ya kuugua, sikuwahi kuulizwa hata robo ya maswali yale, na baadhi ya majibu yalinishangaza mwenyewe: sikuwa nimetambua, kwa mfano, kwamba chafya zangu za asubuhi huanza nikishatandika kitanda. Kwa huduma hii peke yake ningempa alama zote bila kusita.

Kisha akanieleza kwa nini amenichagulia kitunguu. Kanuni ya homeopathia ni kwamba kinachomletea mtu mwenye afya dalili fulani kinaweza kumponya mgonjwa mwenye dalili zilezile, na kwa kuwa kitunguu humtoa mtu machozi na kamasi, basi ndicho kinachonifaa. Kwa msemaji wa Kiswahili maelezo haya yanaingia akilini kwa wepesi wa hatari, maana tumekua tukisikia kwamba dawa ya moto ni moto. Aliyeyaanzisha ni daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, ambaye mwaka 1790, akiwa hana ugonjwa wowote, alimeza gome la mti unaotoa kwinini, akahisi dalili alizoziona kuwa za homa ya vipindi, ugonjwa uleule uliokuwa ukitibiwa kwa gome hilo. Kutokana na tukio hilo alijenga nadharia aliyoichapisha mwaka 1796, na mwaka 1810 akatoa kitabu chake kikuu, Organon.

Hadi hapo mtu anaweza kubishana nayo kama nadharia nyingine yoyote. Mimi nilikwama kwenye ile namba 30C. Herufi C inamaanisha kwamba sehemu moja ya dawa imezimuliwa kwa sehemu mia moja, ikatikiswa kwa nguvu, kisha sehemu moja ya mchanganyiko huo ikazimuliwa tena kwa mia moja, na 30 ni idadi ya mara ambazo kazi hiyo imerudiwa. Matokeo yake ni uwiano wa moja kwa namba yenye sifuri 60. Kwa mujibu wa kemia ya kawaida, ukishafika kama 12C, uwezekano wa kubaki hata molekuli moja ya kitu ulichoanza nacho ni mdogo mno. Nilipiga hesabu kwenye bahasha: ili nitarajie kukutana na molekuli moja ya kitunguu katika mzimuo wa 30C, ningehitaji maji yenye uzito wa mabilioni ya sayari ya Dunia. Tone la maji hayo ndilo lililonyunyiziwa vidonge vyangu vya sukari, likakauka. Mtabibu alikubali hesabu hiyo bila kukwazika, akasema kuwa maji hubaki na kumbukumbu na kwamba dawa ikizimuliwa zaidi ndipo inapopata nguvu zaidi. Kwamba maji hayo yamesahau vitu vingine vyote vilivyowahi kuyapitia, hilo hakulieleza.

Hata hivyo nilivitumia kwa uaminifu. Unavimiminia kwenye kifuniko bila kuvigusa kwa mkono, unaviweka chini ya ulimi, na unajiepusha na kahawa na mnanaa kwa muda. Vina utamu mdogo wa sukari, basi. Usingizi haukunisumbua, na katika wiki mbili za mwanzo chafya zilipungua waziwazi hata nikawaambia wenzangu kazini kwamba nimepata ufumbuzi. Baadaye, nilipoitazama tena daftari yangu ya dalili, niliona jambo ambalo ningepaswa kuliona mapema: nilianza dawa katika wiki mbaya kuliko zote za msimu ule. Mtu hatafuti tiba akiwa nafuu. Huitafuta akizidiwa, na maradhi yanayopanda na kushuka, yakishafika kileleni, hayana pa kwenda ila kushuka, uwe umemeza kitu au hukumeza.

Katika miadi ya pili, wiki ya nne, ndipo lilipotokea jambo linalonifanya niandike tathmini hii kwa ukali kidogo. Mtabibu aliniambia kwamba dawa yangu ya kuvuta inaukandamiza ugonjwa na kuuzuia mwili usijitibu, akanishauri niipunguze taratibu. Alisema kwa upole, na mimi, niliyekuwa nimeshazoea kusikilizwa naye, sikumuuliza daktari wangu. Siku ya kumi ya kupunguza niliamka usiku wa manane nikiwa nimekaa kitako ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, kila pumzi ikitoka kwa mluzi, na sentensi fupi ya kumwita dada yangu haikukamilika kwa pumzi moja. Dawa ya kuvuta, ileile iliyodaiwa kukandamiza, ilinirudisha. Nusu ya kosa ni langu na sitalikwepa. Lakini watu husema homeopathia haina madhara kwa kuwa ndani yake hamna kitu, nami sasa najua kwamba madhara yanaweza kuingia kupitia kile unachoambiwa uache. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2009 kwamba homeopathia isitumiwe kutibu malaria, kifua kikuu, UKIMWI, mafua makali ya influenza wala kuhara kwa watoto wachanga, na hofu yake ilikuwa ya aina hiyohiyo: mgonjwa kuikosa tiba iliyothibitishwa.

Si kweli pia kwamba ndani hamna kitu siku zote. Zipo dawa za homeopathia zilizozimuliwa mara chache tu, na hizo zinaweza kuwa na kemikali ya kutosha kuleta athari. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza mwaka 2017 kwamba vipimo vya baadhi ya vidonge vya watoto wanaoota meno vilikuta viwango vya mmea wenye sumu, belladonna, vikitofautiana kati ya kidonge na kidonge, vingine vikizidi sana kile kilichoandikwa kwenye kasha. Kwa hiyo anayenunua asome namba, na namba ndogo ndiyo ya kuangaliwa kwa makini zaidi.

Baada ya usiku ule nilirudia kipimo kamili cha dawa ya kuvuta, nikaamua kuvijaribu vidonge vya kitunguu kwa haki. Wazo nililipata kwa watu wa Nuremberg ambao mwaka 1835 walipanga jaribio zuri kuliko mengi yaliyofuata: chupa mia zilichanganywa, nusu zikiwa na maji ya theluji yaliyosafishwa na nusu zikiwa na chumvi iliyozimuliwa kwa kiwango cha homeopathia, wakagawiwa watu wasiojua nani kapata nini, na walio wengi hawakuhisi chochote cha ajabu. Mimi nilimwomba dada yangu anunue vidonge vitupu vya sukari vya umbo lilelile, aviweke kwenye kichupa kinachofanana na changu, na kila Jumapili arushe sarafu kuamua wiki hiyo anipe kichupa kipi. Kila jioni nilijipa alama kwa chafya, macho na usingizi, na mwisho wa wiki nilikisia nilichokuwa nimekimeza. Tuliendelea hivyo kwa wiki nane. Alipofungua karatasi yake ya siri, nilikuwa nimekisia sawasawa mara nne, yaani kama vile na mimi nilikuwa nikirusha sarafu. Alama za dalili hazikutofautiana kwa namna ya kueleweka, na wiki niliyojiona mzima kuliko zote, ile niliyomwambia dada kwa kujiamini kwamba "hiki ndicho chenyewe", ilikuwa ya sukari tupu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jaribio la mtu mmoja kwa wiki nane halithibitishi jambo kubwa, na ndiyo maana yapo majaribio ya wengi. Mwaka 1997 uchambuzi wa majaribio 89 uliochapishwa katika jarida la Lancet ulisema matokeo hayawezi kuelezwa yote kwa nguvu ya imani ya mgonjwa peke yake, na watetezi wa homeopathia huutaja mpaka leo. Hawataji kwamba miaka miwili baadaye waandishi walewale walionyesha kuwa kadiri jaribio lilivyofanywa kwa uangalifu ndivyo faida ilivyopungua. Mwaka 2005 jarida hilohilo lilichapisha ulinganisho wa majaribio 110 ya homeopathia na 110 ya tiba ya kawaida; yalipobaki makubwa na yaliyofanywa vizuri, faida ya tiba ya kawaida ilibaki na ya homeopathia ikawa haitofautiki na kidonge kitupu. Baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti 176 kuhusu magonjwa 61, na mwaka 2015 likasema hakuna hata ugonjwa mmoja ambao ushahidi wa kuaminika unaonyesha homeopathia inautibu. Ile hoja kwamba haiwezi kupimwa kwa kuwa kila mgonjwa huchaguliwa dawa yake sikuiona nzito, kwani unaweza kumwacha mtabibu achague apendavyo, kisha ukabadilisha kichupa nyuma ya mgongo wake, na majaribio ya namna hiyo yamefanywa.

Nchi zimepokea ushahidi huu kila moja kwa hesabu yake. Kamati ya Bunge la Uingereza ilipendekeza mwaka 2010 huduma ya afya ya taifa iache kuilipia, na mwaka 2017 madaktari wa England wakatakiwa kuacha kuiandika. Ufaransa, iliyokuwa ikirudisha asilimia 30 ya bei, ilishusha hadi 15 mwaka 2020 na kuifuta kabisa tarehe 1 Januari 2021. Uswisi iliamua kinyume: wapiga kura waliunga mkono tiba mbadala mwaka 2009, na tangu 2017 bima ya lazima inailipia ikitolewa na daktari aliyeisomea. India ina wizara nzima ambamo homeopathia imo hadi kwenye jina. Mimi naona aliyetaka kuinunua kwa fedha yake aachwe ainunue, mradi karatasi ya kichupa iseme ukweli kuhusu kilichomo. Lakini mfuko wa pamoja, ambao mwenye kansa naye anausubiri, usinilipie sukari. Ningetamani fedha hiyo inunue zile dakika tisini. Daktari aliyenipa baadaye dawa ya kupuliza puani, ambayo imenipunguzia mafua bila kunilaza, alinihudumia kwa muda usiofika dakika kumi, na kuhusu kutandika kitanda ilibidi nimwambie mwenyewe.

Nilirudi kwa mtabibu mara ya tatu, kwa kuwa niliona si uungwana kuandika haya bila yeye kuyasikia. Nilimwonyesha daftari, nikamsimulia na ule usiku wa pumu. Kuhusu pumu alinyamaza kidogo, akasema pole, na nadhani ilimtoka moyoni. Kuhusu jaribio alisoma kurasa zote nane kwa utulivu uleule wa siku ya kwanza, akasema kwamba kama kitunguu hakikufanya kazi basi hakikuwa dawa yangu, akachukua kalamu kuniandikia nyingine. Nilimuuliza ni matokeo gani yangeweza kumwonyesha kwamba tatizo haliko kwenye uchaguzi wa dawa. Alifikiri kwa muda mrefu kweli, kalamu ikiwa hewani, kisha akaandika jina la Kilatini na pembeni yake 200C.